Uwanja wa Nyumba na Viumbe Wake: Maneno Machache Kuhusu Bustani za Chunya

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu

 

Ni desturi katika sherehe za namna hii msemaji aeleze habari za jengo: nani alichangia matofali, marumaru ilitoka wapi, kengele ilinunuliwa kwa kiasi gani. Habari hizo wanazijua zaidi waliozishuhudia, nasi tunawaachia wao. Sisi tumeomba ruhusa ya kusema juu ya kitu kilicho nje ya kuta, nacho ni uwanja: uwanja wa hekalu hili, na zaidi ya huo, uwanja wa kila nyumba ya mji huu, iwe ya Mhindu, ya Mwislamu au ya Mkristo. Tunaamini kwamba uwanja wa Chunya, hata ukiwa na upana wa hatua kumi na tano tu, waweza kuipatia nyumba sehemu kubwa ya mboga na matunda yake, na papo hapo ukawa makazi ya nyuki, ndege na vyura ambao pori linawapungukia. Wako wanaodhani kwamba mambo hayo mawili yanashindana, yaani ama ulishe familia ama ulishe ndege. La hasha. Katika nchi kavu kama yetu, bustani inayowakaribisha viumbe ndiyo idumuyo.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri jinsi nchi yetu ilivyo. Chunya si Tukuyu. Kule ng'ambo ya milima, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu akisahau fimbo yake shambani huikuta imechipua. Sisi hatufikii nusu ya mvua hiyo, na hiyo kidogo tunayoipata huja yote kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni vumbi, upepo na jua mpaka mwisho wa Oktoba. Ndiyo maana ndizi zetu hutoka Rungwe, viazi hutoka Umalila, na mchicha wa mwezi wa Septemba hununuliwa kwa bei ambayo mama wa nyumbani huitaja kwa kuguna.

Hata hivyo nchi hii haikuwa maskini. Ni nchi ya miombo, na miombo ni miti yenye hekima ya pekee: huchipua majani mapya, mekundu kama shaba, kabla hata tone la kwanza la mvua halijaanguka. Maua yake ndiyo asili ya asali ya Chunya. Ndugu zetu Wakimbu walikuwa wakitundika mizinga katika misitu hii muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kuosha mchanga wa mto Lupa. Kisha ikaja dhahabu. Katika miaka ya 1920 na 1930 uwanda wa Lupa ulivuta watu kutoka pande zote za dunia, na nyuma ya wachimbaji walikuja wenye maduka, wazee wetu miongoni mwao, na magunia ya unga, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Miti ikakatwa kwa ajili ya nguzo za mashimo, na kwa ajili ya kuni. Baadaye tumbaku nayo ikadai kuni za kukaushia majani yake, na miji ikadai mkaa. Hatusemi haya kwa kumshitaki yeyote, maana kila mmoja hapa amekula kutokana na dhahabu, tumbaku au mkaa, au kutokana na kuwauzia wanaoshughulika navyo. Tunasema tu kwamba ndege aliyekuwa na pori lote sasa anatafuta mti mmoja, na mti huo yamkini ni ule ulioko nyuma ya jiko lako.

Na huko nyuma ya jiko anakuta nini? Mara nyingi anakuta saruji, au udongo uliofagiliwa hadi ukang'aa. Tunaiheshimu desturi ya kufagia uwanja. Ni alama ya nyumba yenye mama mwenye bidii, na ina sababu zake ambazo tutazigusa tutakapofika kwa nyoka. Lakini tazameni safari ya jani: mti hulitengeneza kwa miezi, ufagio hulipeleka kwenye moto kwa dakika tano, na moto huupeleka urutuba wake angani. Kisha mwenye nyumba huenda dukani kununua mbolea. Sisi wenye maduka tunamshukuru, lakini hesabu hiyo hatuielewi.

Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kutafuta walimu wa bustani. Wengi wenu mmefika Kitulo, ile nyanda ya juu ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Hiyo ni bustani ya kutazamwa, tena maua yake mengine, yale ya jamii ya okidi, yameponzwa na mizizi yake, ambayo huchimbwa na kuvushwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Mwalimu tunayemkusudia sisi ni mwingine: ni kihamba cha Wachaga wa Kilimanjaro. Ukiingia katika kihamba unaona juu kabisa miti mirefu ya asili, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe yuko zizini akila majani ya migomba na kurudisha samadi. Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba wamekuta aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu ila zimeachwa zijiotee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Wapo watakaosema: Mchaga ana mlima unaomletea maji kwa mifereji, sisi tuna nini? Wanasema kweli. Mtu akijaribu kupanda kihamba cha migomba na kahawa hapa atakuwa amepanda huzuni. Kinachofaa kuigwa ni ule mpango wa ghorofa, si orodha ya mimea. Ghorofa ya juu huvunja jua na upepo, ya kati huzaa, ya chini hufunika udongo usikauke. Mimea ya kuzijaza ghorofa hizo inayostahimili ukame tunayo, na hapa tuombe radhi ikiwa tutatumia muda mrefu kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi wenye asili ya Gujarat kwa namna ya pekee.

Katika nyumba zetu, mlo wa wazee ulikuwa rotlo la bajri pamoja na siagi na kitunguu. Watoto wetu hudhani bajri ni chakula cha India. Bajri ni uwele, nao ulianza kulimwa Afrika, pembezoni mwa jangwa la Sahara, ukavuka bahari kwenda India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Juvar ni mtama, nao pia ni wa Afrika. Nagli ni ulezi, mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kunde ni za Afrika. Hata ukwaju, ambao mama hawezi kupika dali bila ya kuutia, mti wake asili yake ni bara hili. Waarabu waliokutana nao katika biashara waliuita tende ya Hindi, jina likaenea duniani, na mti ukapewa uraia usio wake. Kwa hiyo wazee wetu walipoteremka jahazini na bajri katika kibindo, walikuwa wanaurudisha uwele kwao.

Na safari ilikwenda pande zote mbili. Mwembe, mbaazi, bilinganya na mlonge vilitoka India. Mwarobaini vilevile, ambao Waswahili waliupa jina kwa hesabu ya maradhi wanayoamini unatibu. Basi bustani ya nyumbani ya Chunya yaweza kuwa na mkwaju wa Afrika na mlonge wa India vikikaa ukuta mmoja, wala hapana atakayeuliza kila mmoja amekuja lini. Tunawaambia vijana wetu jambo hili kila wapatapo kuulizwa barabarani kwao ni wapi.

Tukizungumzia mbaazi, kuna fundisho la biashara ndani yake. Mnakumbuka mwaka 2017, serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Wakulima wa Tanzania waliokuwa wamepanda kwa ajili ya soko hilo moja walishuhudia bei ikianguka vibaya, na wanunuzi wakapotea. Mbaazi zenyewe hazikuwa na kosa. Mti wa mbaazi husimama katika kiangazi wakati mahindi yamekwisha kuwa mabua. Mizizi yake huongeza rutuba. Maua yake ya njano hujaa nyuki. Mbegu mbichi ni mboga, kavu ni dali, na shina ni kuni. Shamba linalotegemea waziri wa nchi nyingine laweza kutikisika, ila mistari miwili ya mbaazi kando ya ukuta wa nyumba haina habari na waziri yeyote.

Kabla hatujashika jembe, yapo maneno ambayo mji mwingine wangeweza kuyaruka, ila Chunya hatuwezi. Ni juu ya zebaki.

Mnajua kazi ilivyo. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha zebaki hutiwa ili ikamate chembe za dhahabu, na mwisho bonge lile huchomwa. Zebaki huruka kuwa mvuke, dhahabu hubaki. Mahali pengine uchomaji huo hufanyika nyumbani, juu ya jiko lile lile la chakula, watoto wakiwa wamekaa pembeni. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha mwaka 2013 ripoti yake juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Chunya ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotajwa. Mwaka huo huo mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliharibiwa miili kwa kula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani; Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mikataba ni kitu kizuri. Lakini mvuke hausomi mikataba. Huondoka jikoni, hupoa, huanguka, na huanguka juu ya uwanja. Majani mapana ya mboga hupokea kinachotoka hewani, na udongo hukihifadhi, kwa maana zebaki haiozi kama jani linavyooza.

Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka. Nyumba ambayo bonge la dhahabu huchomwa uwanjani, isipande mchicha wala mnafu katika uwanja huo. Ipande mti wa kivuli, na mboga zipandwe kwingine. Mchanga wa marudio, yale mabaki ya kuoshea dhahabu, usiletwe bustanini kwa sababu tu ni laini na hauna gharama. Maji ya madimbwi ya mialo, na hasa ya sehemu zinazotumia sayanaidi, yasimwagiliwe hata ua la kupendeza, kwa kuwa ndege na nyuki watakunywa humo. Anayechoma na atumie kile chombo cha kufunika kinachorudisha mvuke kuwa zebaki, kiitwacho ritoti, mbali na makazi. Tena kinamrudishia zebaki aliyoinunua kwa fedha yake, hivyo ni faida hata kwa asiyejali mapafu ya jirani. Mwenye mashaka juu ya udongo wake na ajenge tuta la kuinuliwa kwa matofali, alijaze udongo ulioletwa kutoka mbali na machimbo pamoja na samadi iliyooza. Tunajua kwamba kuna vijana humu ambao riziki yao iko katika shughuli hizo, na hatukuwaalika ili kuwaaibisha. Tumesema kwa sababu watoto wao na wa kwetu wanakula kutoka bustani zinazopakana.

Sasa maji. Bati la paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 likinyeshewa mvua ya milimita 25, hupokea lita 2,000. Ni mvua moja nzuri ya mwezi wa Januari. Hata tukitoa inayopotea, tangi la lita 1,000 limejaa na kumwagika. Nyumba nyingi za mjini zina bati, lakini hazina mfereji wa kukinga, na maji yote hayo hukimbilia korongoni yakichukua na udongo. Mfereji wa bati na tangi moja si gharama ndogo, tunakubali. Lakini vilinganisheni na fedha za mboga za miezi sita ya kiangazi.

Maji ya kuoshea mchele, dali na mboga yaende moja kwa moja kwenye mimea. Maji ya kuogea yana sabuni, kwa hiyo yasiguse majani ya kuliwa mabichi. Yapelekwe kwenye shimo la mipapai. Shimo hilo huchimbwa kina cha goti na upana wa hatua moja na nusu, hujazwa majani makavu, maganda na takataka za jikoni, na pembeni mwake hupandwa mipapai mitatu au migomba miwili. Hapo ndipo mahali pekee Chunya ambapo mgomba hufurahi.

Kwa mboga zenyewe tunapendekeza chungu. Nendeni katika masoko ya Mbeya mtafute vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe karibu na Matema katika ziwa Nyasa. Vimefinyangwa kwa mkono na kuchomwa bila kupakwa ng'arisho la kuzuia maji, na sifa hiyo ndiyo inayotakiwa. Zika chungu ardhini hadi shingoni, kijaze maji, kifunike kwa kigae ili mbu na vyura wasiingie, kisha panda kukizunguka nyanya, ngogwe, maboga au pilipili. Maji hutoka polepole kupitia kuta za chungu, na mizizi huyafuata yenyewe. Hakuna yanayopotea kwa jua, na magugu hayapati kinywaji. Juu ya udongo tandaza majani yale yale yaliyokuwa yakichomwa, unene wa kiganja. Hayo ndiyo matandazo, na ndani yake watakuja nyungunyungu, na baada ya nyungunyungu atakuja chura, na chura atakula wadudu usiku wakati wewe umelala.

Kwa ghorofa ya juu, mwembe mmoja watosha, na mkwaju kwa mwenye nafasi. Mwarobaini upandwe mmoja tu, maana mbegu zake hutawanyika na miche huwa mingi kuliko unavyotaka. Kama uwanjani umebaki mninga au mti wowote wa pori, tafadhali usiukate, kwa kuwa huo una wenyeji tayari. Katika ghorofa ya kati tungependa kila nyumba iwe na mlonge, ambao majani yake ni mboga, mikunde yake twaiweka katika dali, na maua yake hutoka hata katika ukame. Ukatwe mara kwa mara kwenye kimo cha kifua, usije ukakimbilia juu usikofika. Kando yake mkunazi. Waumini wanakumbuka kwamba ni kunazi alizotoa bibi Shabari, maskini wa porini, alipomkaribisha Bwana Rama, akizionja moja moja ili asimpe iliyo chungu. Tunda hilo hilo watoto wa Chunya hulila njiani wakitoka shule. Mkunazi hauombi maji ukisha kushika, na maua yake madogo huita nyuki kutoka mtaa wa tatu.

Ua wa kuzunguka uwe wa mmea unaotoa kitu. Mchongoma una miiba ya kumzuia mbuzi na matunda ya achari. Mhina, ambao Gujarat ni ua wa kawaida vijijini, una harufu njema na hupamba mikono ya bibi arusi. Tungewasihi waachane na lantana, hata kama maua yake ni mazuri. Asili yake ni Marekani ya tropiki, huenea porini bila adabu na hudhuru mifugo.

Mlangoni, kwetu sisi, kuna tulsi. Ni mmea wa kwanza kumwagiliwa kila asubuhi, na ni ndugu wa karibu wa kivumbasi ambacho majirani zetu hukitumia kufukuza mbu. Yote miwili ikiachwa ichanue, nyuki hawatoki. Tunataja hili kwa sababu wengine hukata maua ya tulsi yote ili majani yaongezeke. Acheni theluthi moja.

Kuhusu nyuki kuna wasiwasi, na ni halali, kwa sababu nyuki wakali hawafai kuwekwa karibu na watoto. Lakini wapo nyuki wadogo wasiouma, ambao hukaa hata katika tundu la ukuta, na ambao asali yao huthaminiwa sana kama dawa. Gogo dogo lililotobolewa, likatundikwa chini ya upenu upande usiopigwa na jua la mchana, lawatosha. Wao pamoja na nyuki wengine wanaopita ndio wanaofanya boga lifungike na kunde zijae. Kwa hiyo mtu apigaye dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, anawaua vibarua wake mwenyewe. Ikibidi, maji ya mbegu za mwarobaini yapulizwe jioni. Maji ya majani ya tumbaku, ambayo wengine huyasifu kuwa ni ya asili, ni sumu kwa mwenye kuyapika na kwa nyuki pia. Tunayasema haya tukijua kwamba baadhi yetu tunauza pembejeo, na chupa za dawa zimepangwa madukani mwetu. Mteja na anunue kwa ajili ya shamba lenye maafa, si kwa ajili ya vidukari sita juu ya jani la bamia.

Gujarat kuna kitu kiitwacho chabutro: mnara mdogo juu ya nguzo, wa mbao au wa mawe yaliyochongwa, unaojengwa katikati ya kijiji au mtaa kwa ajili ya kulishia ndege. Wapo wanaopendekeza tujenge mmoja hapa hekaluni. Ni wazo la heshima, lakini rai yetu ni kwamba kwa Chunya maji yatangulie nafaka. Nafaka iliyomwagwa kila siku huita panya. Bakuli la udongo lenye maji kidogo, likiwa na jiwe katikati ili nyuki na chozi wasimame bila kuzama, katika mwezi wa Septemba ni sadaka kubwa kuliko gunia la mtama. Yabadilishwe kila asubuhi, mbu wasipate muda wa kuanguliwa. Wala tusidhani kila ndege ni wa kukaribishwa tu: yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe takataka za mji, na leo anakula makinda ya ndege wengine katika pwani yote. Upole kwa viumbe hauondoi kufikiri.

Tumalizie na wawili wanaoogopwa. Bundi, majirani zetu wengi humhesabu kuwa mjumbe wa msiba, na akitua juu ya paa hupigwa mawe. Kwetu sisi bundi ni kipando cha mungu wa kike Lakshmi, mwenye kuleta neema, na kwa mwenye ghala la nafaka maana hiyo haihitaji maelezo marefu, kwani bundi anaishi kwa panya. Asiyekubali dini yetu na akubali hesabu hiyo. Na anayetega panya kwa sumu ajue kwamba bundi akimla panya aliyekunywa sumu naye huweza kufa, na panya wa mwezi ujao hawatakuwa na askari.

Nyoka, hata sisi tunaoadhimisha Nag Panchami hatupendi kumkuta swila chini ya kitanda. Hapa ndipo tunapoupa ufagio haki yake. Hatua tatu kutoka kwenye ukuta na mlango ziachwe wazi, zifagiliwe, pasiwe na matandazo wala mimea mirefu. Marundo ya matofali, mabati mabovu na kuni yaondolewe au yainuliwe juu ya nguzo, maana humo ndimo nyoka hulala. Nafaka ifungwe, panya wasije, na nyoka anayewafuata panya hatakuwa na safari. Baada ya hatua hizo tatu, bustani na ianze.

Kamati imekubali mambo matatu, nasi tumeombwa kuyatangaza. Maua ya ibada hayatatupwa tena jalalani pamoja na plastiki. Yatawekwa katika shimo la mboji nyuma ya hekalu, uzi na karatasi vikiisha kuondolewa, na mboji hiyo itakuwa ya mtaa mzima. Mfereji wa kukingia maji utawekwa upande wa paa la jiko, na tangi lake litakuwa na bomba upande wa barabara. Tatu, miche ya mlonge, mkunazi na mbaazi iko tayari kitaluni, na itagawiwa bure baada ya prasad, mtu wa dini yoyote, miche mitatu kwa nyumba. Mvua za kwanza hazijafika, kwa hiyo chimbeni mashimo sasa na kuweka samadi, ila miche iacheni kivulini mpaka udongo ulowe hadi kina cha kiganja. Wenye ndoo wapange mstari upande wa kulia wa jiko.